Mguu usioinuka upelekwe fiziotherapia kabla haujakakamaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nieleze jambo ambalo sisi tunaofanya kazi ya fiziotherapia katika hospitali za wilaya tunakutana nalo mara kwa mara, na ambalo kwa maoni yangu linawaacha watu wengi na ulemavu ambao ungeweza kuzuilika. Gazeti lako limekuwa likiandika sana kuhusu ajali za bodaboda, na ni vyema, lakini habari ya majeruhi kwa kawaida huishia pale anapofikishwa hospitali. Baadhi yao hutoka wodini mfupa ukiwa umeunga vizuri, kidonda kimefunga, na bado mguu mmoja hauinuki sehemu ya mbele. Wakitembea, unyayo unaning'inia na vidole vinakwaruza chini, nao hulazimika kunyanyua goti juu kana kwamba wanapanda ngazi ili wasijikwae. Mgonjwa wa namna hii anapofika chumbani kwetu, mara nyingi miezi kadhaa imeshapita, na kilichokuwa udhaifu wa msuli kimeshageuka kuwa kifundo kilichokakamaa.

Ninachotaka kukiweka mbele ya wasomaji wako, na hasa mbele ya madaktari na wauguzi wanaolisoma gazeti hili, ni kwamba mtu asiyeweza kuinua unyayo anapaswa kuonwa na mtaalamu wa fiziotherapia ndani ya wiki ya kwanza, hata kama hakuna anayejua bado iwapo neva itapona au haitapona. Tumezoea kufikiri kwamba mazoezi ni ya baadaye, dawa zikiisha na mfupa ukiunga. Kwa tatizo hili mpangilio huo una madhara.

Msuli mkuu unaoinua unyayo uko mbele ya mguu, kando kidogo ya mfupa wa muundi. Ukiweka kidole hapo na kuinua unyayo wako utausikia ukijikaza. Msuli huo, pamoja na ile inayonyanyua vidole, hupata amri kupitia neva ambayo ikitoka nyuma ya goti huizunguka shingo ya ule mfupa mwembamba wa upande wa nje. Msomaji akipapasa upande wa nje, chini kidogo ya goti, atagusa kinundu kigumu. Neva inapita mara tu chini ya kinundu hicho, imelala juu ya mfupa, na kinachoikinga ni ngozi na mafuta kidogo tu. Ndiyo maana inaumia kirahisi mno. Huumizwa na bampa la gari, na kuvunjika kwa mfupa huo, na goti linapoteguka. Huumizwa na plasta ngumu, ile ambayo mtaani huitwa hogo, ukingo wake wa juu unapobana. Mgonjwa mahututi aliyelala siku nyingi mguu ukiwa umegeukia nje na kuegemea chuma cha kitanda anaweza kuamka akiwa amepona alichokuja kutibiwa na amepoteza unyayo. Mtu aliyekonda ghafla na mwenye mazoea ya kukaa amekunja nne yumo hatarini, na mkulima anayechuchumaa kutwa akipalilia au kuvuna anaweza kusimama jioni akakuta unyayo haumtii.

Si kila mguu wa aina hii huharibikia gotini. Diski ya kiunoni ikiteleza na kubana mzizi wa neva, dalili inaweza kuwa hiyo hiyo. Kiharusi nacho huileta, ila kwa njia nyingine, kwa kuwa neva ya mguuni ni nzima na hitilafu iko kichwani, na msuli wa shavu la mguu hukaza ukauvuta unyayo chini na kuugeuza ndani. Kisukari huharibu neva polepole. Ukoma pia bado upo. Neva hiyo ya chini ya goti ni miongoni mwa zile ambazo vimelea vya ukoma huzishambulia zaidi, na ingawa Tanzania kitaifa ilifikia lengo la kuwa na mgonjwa chini ya mmoja kwa kila watu 10,000 mwaka 2006, mtu mwenye mguu usioinuka na mabaka ya ngozi yasiyo na hisia anapaswa kuchunguzwa ukoma siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa zake hutolewa bure na neva iliyovimba inaweza kuokolewa ikiwahiwa.

Kutofautisha vyanzo hivi hakuhitaji kila mara mashine kubwa. Binafsi, kabla hata sijamgusa mgonjwa, huomba kuona viatu alivyokuja navyo. Kandambili ya mguu mgonjwa huwa imelika ncha ya mbele, na mara nyingi mwenyewe ameifunga kamba nyuma ya kisigino ili isivuke, kwa maana mguu usioinua vidole hauwezi kuishika kandambili. Kisha humwomba atembee kwa visigino koridoni. Upande mzima vidole vinasimama, upande wa pili unyayo unatua wote kwa kishindo. Akilala kitandani humwambia ageuze unyayo kuelekea ndani akishindana na mkono wangu. Ikiwa anageuza kwa nguvu kamili lakini hawezi kuuinua wala kuugeuza nje, fikra yangu inaenda kwenye shingo ya ule mfupa mwembamba. Ikiwa hata kugeuza ndani kumedhoofika, na akilala ubavu hawezi kuunyanyua vizuri mguu mzima kutoka kwenye nyonga, nashuku kiuno, na namrudisha kwa daktari na maelezo hayo. Uchunguzi huu ni wa dakika chache, na mganga yeyote wa zahanati anaweza kuufanya.

Zipo hali ambazo hazingoji hata fiziotherapia. Udhaifu wa miguu yote miwili pamoja na mkojo kuziba au ganzi sehemu za siri ni dharura ya uti wa mgongo. Maumivu yanayozidi ndani ya plasta, vidole vikiwa vimevimba na haviwezi kusogezwa, ni sababu ya kuikata plasta usiku huo huo, si kusubiri tarehe ya kliniki. Udhaifu wa upande mmoja wa mwili uliokuja ghafla, ukiandamana na mdomo kwenda kando au usemi kukwama, ni kiharusi hadi ithibitike vinginevyo. Na mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye mguu wake umelegea ghafla ni lazima aripotiwe, achukuliwe sampuli mbili za choo zinazopishana walau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee, ili polio itafutwe. Baada ya Malawi kutangaza mgonjwa wa polio mwaka 2022, sisi majirani hatuna ruhusa ya kulegeza ufuatiliaji huo.

Kwa watoto kuna chanzo kingine ambacho kinaniudhi zaidi ya vyote, nacho ni sindano ya takoni. Neva kubwa ya mguu hupita ndani ya tako, na kwa mtoto mdogo au aliyekonda haiko mbali na ngozi. Sindano ikichomwa nje ya robo ya juu ya upande wa nje, dawa inaweza kuingia kwenye neva yenyewe au kando yake. Kwinini ya msuli iliwaacha watoto wengi wa Afrika Mashariki wakichechemea, na mojawapo ya faida za kuhamia artesuneti kwa malaria kali, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa watoto mwaka 2011, ni kwamba artesuneti huweza kupitishwa kwenye mshipa wa damu. Hata hivyo tabia ya kudai sindano haijaisha. Mzazi huhisi mtoto hajatibiwa mpaka achomwe, na muuzaji wa duka la dawa, ambaye hapaswi kabisa kuchoma sindano, humridhisha. Mtoto mdogo anayehitaji sindano ya msuli achomwe pajani, mbele kwa upande wa nje, na anayeweza kumeza dawa apewe ya kumeza.

Kundi jingine linalosahaulika ni wanawake waliokaa na uchungu wa kuzaa muda mrefu. Kichwa cha mtoto kikikwama, hugandamiza neva zinazoshuka ndani ya nyonga, na mama anaweza kujifungua akakuta unyayo mmoja, au yote miwili, haiinuki. Baadhi yao hupata pia fistula, na kwa kuwa mkojo unaovuja ndio unaoleta fedheha, mguu huwekwa kando. Hospitali zinazotibu fistula, kama CCBRT ya Dar es Salaam, zinaijua hali hiyo, lakini mama huwa amepitia mikono mingi kabla ya kufika huko. Habari njema ni kwamba wengi wa akina mama hawa neva zao hurudi. Habari mbaya ni kinachotokea nyumbani wakati zinarudi, nami nitakifikia baada ya kueleza suala la muda, kwa kuwa hapo ndipo hoja yangu yote inapokaa.

Neva iliyobanwa tu bila kukatika ndani inaweza kuamka baada ya wiki chache hadi miezi mitatu hivi. Neva ambayo nyuzi zake zimekatika hulazimika kuota upya kuanzia pale ilipoumia, na mwendo wake ni takriban milimita 1 kwa siku, sawa na sentimita 3 kwa mwezi. Msomaji apige hesabu mwenyewe. Aliyeumia chini ya goti, kutoka hapo hadi kwenye msuli si zaidi ya sentimita chache au kumi na kitu, hivyo anaweza kutarajia dalili za kwanza ndani ya miezi michache. Mtu mzima aliyeumia kwenye tako ana safari ya sentimita 50 au zaidi, yaani siku 500 na kuendelea, endapo kila kitu kitakwenda vizuri. Wakati huo wote msuli usio na neva unasinyaa, na ukikaa mwaka mmoja na nusu hivi bila kufikiwa hugeuka kuwa nyama ngumu ambayo hata neva ikifika haiwezi kuiamsha.

Lakini kinachotangulia kuharibika si msuli huo. Ni kifundo na kano ya kisigino. Unyayo ukining'inia mchana na usiku, msuli wa shavu la mguu, ambao wenyewe ni mzima na una nguvu, hauna wa kushindana naye. Hujifupisha, na ndani ya wiki chache kano ya kisigino imekaza kiasi kwamba hata mimi nikiusukuma unyayo kwa mikono miwili haufiki kwenye pembe mraba. Hapo ndipo mgonjwa anapopoteza mara mbili. Neva inarudi, msuli wa mbele unaanza kucheza, na hauna pa kuupeleka unyayo kwa sababu kano imeufunga. Nimewaona wagonjwa ambao neva zao zilipona na mguu haukupona. Hao hawakuangushwa na ajali. Waliangushwa na maneno "subiri kwanza".

Kinachofanywa katika wiki hizo za kwanza ni rahisi hadi watu hukidharau. Mgonjwa anakaa kitandani au mkekani, goti limenyooka, anapitisha khanga chini ya sehemu ya mbele ya unyayo, anashika ncha mbili na kuvuta kuelekea kwake taratibu mpaka asikie shavu la mguu likivutika, anashikilia kwa sekunde 30, analegeza, anarudia mara kadhaa. Kisha anafanya hivyo hivyo goti likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu shavu la mguu lina misuli miwili na mmoja wao hauvutwi ipasavyo mpaka goti likunjwe. Afanye asubuhi, mchana na usiku. Asiye na nguvu za mikono afanyiwe na ndugu, ambaye hukamata kisigino kwa kiganja na kuegemeza unyayo kwenye mkono wake wa ndani. Usiku unyayo uzuiwe usianguke, kwa splinti kama ipo, au kwa mto mgumu uliowekwa mwisho wa kitanda, na blanketi zito lisiuelemee. Mguu usiachwe ugeukie nje, kwani hapo unaigandamiza tena neva ile ile tunayotaka ipone. Kwa mwenye plasta au mfupa uliovunjika, nini kifanyike na lini ataamua daktari wa mifupa pamoja nasi, na hilo ni sababu nyingine ya kutuita mapema.

Msuli ukianza kuonyesha uhai, mazoezi hubadilika. Tunaupima kwa alama kuanzia 0, ambapo hakuna kinachosogea, hadi 5, ambayo ni nguvu kamili. Kwenye 1 unaona tu kano ikitetema chini ya ngozi. Kwenye 2 mgonjwa hulazwa ubavu ili unyayo usogee bila kupambana na uzito wake, na hapo anaweza kuuvuta kwa kuuteleza juu ya shuka. Akifika 3 anauinua akiwa amekaa, kisigino kikiwa chini. Akivuka hapo tunamfunga kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ambao kwa kazi hii haupungukiwi na kitu ukilinganisha na mipira ya rangi inayouzwa kwa bei kubwa. Kosa la wengi hapa ni pupa. Msuli ambao neva yake inaota huchoka haraka, na anayerudia zoezi mara mia moja kwa uchu wa kupona hulala msuli ukiwa dhaifu kuliko ulivyoamka. Mara chache chache, kwa umakini, na mapumziko katikati, ndizo zinazozaa. Sambamba na hayo tunafundisha nyonga na mwili kubeba kazi, kusimama kwa mguu mmoja ukiwa karibu na ukuta, kutua kwa kisigino, kupanda na kushuka ngazi, na kushika fimbo kwa mkono wa upande wa mguu mzima, si upande wa mgonjwa kama wengi wanavyofanya.

Sasa nirudi nyumbani kwa yule mama aliyejifungua, na kwa wagonjwa wa kiharusi pia. Kukanda kwa maji ya moto ni desturi yetu, na sina ugomvi nayo kwa mwili wenye hisia kamili. Neva inayoinua unyayo, hata hivyo, ndiyo pia inayobeba hisia za sehemu ya nje ya mguu na ya juu ya unyayo. Anayekanda huona ngozi haishtuki, huzidisha joto, na mgonjwa hasemi kitu kwa kuwa hasikii. Malengelenge huonekana kesho yake. Kidonda cha moto juu ya unyayo usio na hisia huchukua muda mrefu kupona, na kwa mwenye kisukari kinaweza kumgharimu mguu. Mchanga wa moto, mawe na chupa za maji yanayochemka ni vivyo hivyo. Kuchuliwa kwa mafuta na mikono isiyotumia nguvu hakudhuru, ila hakuoteshi neva, na siku zinazopotea kwa mchuaji au kwa anayedai mgonjwa amekanyaga kilichotegwa ni siku ambazo kano inajifupisha.

Kuna pia wanaokuja wakiulizia "umeme". Wamesikia kuna mashine ambayo huamsha miguu, na wengine wameshalipa fedha nyingi kwa watu wanaozitembeza mitaani. Ukweli ni kwamba vifaa vinavyoinua unyayo kwa umeme mtu anapotembea vipo, na wazo lenyewe lilianzishwa na daktari Liberson na wenzake mwaka 1961, lakini vinafanya kazi kwa kuisisimua neva. Aliyepata kiharusi, ambaye neva yake ya mguuni ni nzima, anaweza kunufaika. Aliyekatika nyuzi za neva chini ya goti hana cha kusisimuliwa na vifaa hivyo, na umeme hauharakishi ile milimita moja. Fedha hizo angeziweka kwenye kifaa cha kushikilia unyayo.

Kifaa hicho ni bamba la plastiki ngumu aina ya polipropilini linaloanzia chini ya unyayo na kupanda nyuma ya mguu hadi chini ya goti, nalo huushikilia unyayo usianguke. Mafundi wetu huanza kwa kuuzungushia mguu plasta ili wapate umbo lake, wakajaza umbo hilo, wakalainisha plastiki kwa joto na kuifyonza juu yake. Ujuzi huo tunao hapa hapa nchini: chuo cha TATCOT kilichoko katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa vifaa saidizi na viungo bandia tangu mwaka 1981, kwa wanafunzi wa Tanzania na wa nchi nyingine nyingi za Afrika. Kifaa huvaliwa juu ya soksi na ndani ya kiatu chenye nafasi, mara nyingi namba moja zaidi. Siku za mwanzo kivaliwe kwa muda mfupi, kivuliwe, na ngozi itazamwe. Wekundu usiofutika baada ya dakika 20 hivi ni ishara kwamba kinabana na kirudishwe kwa fundi. Anayesubiri kukipata anaweza kutengenezewa mkanda wa muda wenye mpira unaovuta kutoka kwenye tundu za kamba za kiatu hadi kwenye ukanda uliozungushiwa mguu, mradi ukanda huo ukae chini kabisa ya kile kinundu nilichokitaja, usije ukaibana neva tunayoihangaikia.

Wagonjwa huniuliza kama kifaa hakitaufanya msuli uwe mvivu. Hofu hiyo naielewa, na kwa neva inayorudi tunapanga saa za kukivaa na saa za kukivua kwa mazoezi. Lakini mtu anayeanguka kila anapovuka barabara hajengi msuli, anavunja mkono. Dereva wa bodaboda mwenye mguu wa kulia usioinuka namsihi kwa namna ya pekee asirudi barabarani kabla hajapimwa, kwa kuwa breki ya nyuma ya pikipiki iko kwenye mguu huo, na unyayo usioinuka hauwezi kuifikia kwa wakati.

Ikiwa miezi mitatu imepita na msuli haujaonyesha hata mtetemo, mgonjwa apewe rufaa kwa daktari bingwa, kwani upasuaji wa neva una muda wake na ukipita umepita. Neva iliyokatwa na kitu chenye ncha kali haitakiwi kungoja hata hiyo miezi mitatu. Na neva isiporudi kabisa bado kuna njia. Kano ya msuli unaogeuza unyayo ndani, ambao hupata amri kupitia neva nyingine, huhamishwa na kupelekwa mbele ili ifanye kazi ya kuinua. Upasuaji huu umewasimamisha wagonjwa wengi wa ukoma duniani. Masharti yake ni kwamba kifundo kiwe laini; kilichokakamaa hulazimu kano ya kisigino irefushwe kwanza au kwa pamoja, na matokeo hayawi mazuri vile vile. Baada ya wiki kadhaa za plasta, mgonjwa hufundishwa upya: anaambiwa awaze kugeuza unyayo ndani, na unyayo unainuka. Kumwona mtu akigundua hilo kwa mara ya kwanza ni miongoni mwa mambo yanayonifanya niipende kazi hii. Kwa hiyo hata yule ambaye neva yake imekufa, ile khanga ya wiki ya kwanza haikuwa kazi bure.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 wana hali za kiafya ambazo zingenufaika na huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake, na kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya nusu ya wanaozihitaji hawazipati. Kwetu uhaba wa wataalamu ni wa kweli, na sitegemei kila kituo cha afya kipate mfiziotherapia mwakani. Zoezi la khanga, hata hivyo, muuguzi anaweza kulifundisha wodini kabla mgonjwa hajaondoka, na sisi tukamwona baadaye kwa yanayohitaji utaalamu. Kwa upande wa gharama, sasa ambapo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ipo, naomba wanaopanga vitita vya huduma wakihesabu kifaa cha kushikilia unyayo kuwa ni tiba, kama vile wanavyoihesabu plasta iliyotangulia, maana mgonjwa ni yule yule na mguu ni ule ule.

Na kwa wenzangu wa wodi za mifupa, za wazazi na za kiharusi ninalo ombi dogo ambalo halihitaji bajeti. Kabla ya kusaini karatasi ya ruhusa, mwambieni mgonjwa ainue nyayo zote mbili. Ikiwa mmoja hauinuki, iandikwe hivyo kwenye karatasi, pamoja na tarehe yake ya kwanza ya fiziotherapia, na tarehe hiyo isizidi wiki moja.

Wako katika kazi,

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Hospitali ya wilaya, Mkoa wa Tanga